Martinique: Ufuko wa wote chini ya ngome ya jeshi, na jina la Kongo lililobaki kisiwani

Katikati ya Fort-de-France, mji mkuu wa kisiwa cha Martinique katika bahari ya Karibi, kuna ufuko mdogo unaoitwa La Française. Ni wa watu wote na kuingia hakulipwi. Mtu anavuka bustani ya La Savane, anavua viatu, anaingia majini. Karibu yake vivuko vinakwenda na kurudi kati ya mji na Trois-Îlets, ng'ambo ya ghuba. Juu ya mwamba ulioingia baharini zinasimama kuta nene za ngome ya Saint-Louis.

Mji ulizaliwa na ngome hiyo. Wafaransa walianza na boma la miti mwaka 1638, wakati wa gavana Jacques Dyel du Parquet, kwa sababu ghuba hiyo inakinga meli wakati wa vimbunga. Baadaye walijenga kwa mawe. Mwaka 1674 admirali wa Uholanzi, Michiel de Ruyter, alikuja na meli nyingi akashindwa na walinzi wachache. Waingereza walifanikiwa kukiteka kisiwa mwaka 1762, 1794 na 1809, lakini kila mara kilirudishwa kwa Ufaransa.

Hata leo jeshi la majini la Ufaransa lina kituo chake ndani ya ngome. Mgeni anaweza kutembelea sehemu tu, akiongozwa. Humo anaweza kukutana na iguana wa kijani, mijusi wakubwa walioletwa miaka ya 1960. Tangu hapo wamesambaa kisiwani na kuhatarisha iguana wa asili.

Lakini kilicholindwa na mizinga hiyo hakikuwa bandari peke yake. Kilikuwa pia utajiri wa sukari, uliotoka katika jasho la Waafrika waliouzwa utumwani. Watumwa waliasi tarehe 22 Mei 1848, na kesho yake utumwa ulifutwa kisiwani kabla amri iliyotiwa sahihi Paris mwezi Aprili haijafika. Kumbukumbu hiyo bado inauma. Palepale La Savane ilisimama sanamu ya Joséphine, mke wa Napoléon aliyezaliwa Trois-Îlets. Mwaka 1991 watu walikata kichwa chake, na Julai 2020 waandamanaji wakaiangusha yote. Wengi wanakumbuka kwamba mwaka 1802 Napoléon aliidhinisha utumwa uendelee.

Kwa Wakongomani, habari haiishii hapo. Baada ya 1848 wenye mashamba ya miwa walikosa wafanyakazi. Kati ya 1857 na 1862 Waafrika zaidi ya 10,000 waliletwa Martinique, wengi wao kutoka eneo la mdomo wa mto Kongo. Kwenye karatasi walikuwa watu huru wenye mkataba. Kwa kweli wengi walikuwa mateka walionunuliwa kwanza, kisha wakapewa mkataba wasioweza kuukataa. Ni wachache waliorudi kwao.

Waliobaki walizaa, na vizazi vyao vipo kisiwani. Lakini jina la kwao liligeuzwa kuwa tusi: katika Krioli, kumwita mtu Kongo kulikuwa kumwambia ni mshamba, mtu asiyestaarabika. Waliodharauliwa hivyo ni watu waliochukuliwa kwa nguvu ya fedha, miaka kumi baada ya utumwa kufutwa.

Mkongomani anayetaka kufika huko ajue jambo moja: Martinique ni sehemu ya Ufaransa, lakini haimo katika eneo la Schengen. Visa ya kawaida ya Schengen haitoshi. Lazima iandikwe kwamba inafaa pia kwa kisiwa hicho.

Akifika, lugha haitamsumbua, maana Kifaransa kinasemwa kila mahali. Na akikaa kwenye mchanga wa La Française, kuta zikiwa nyuma yake, atakuwa anaitazama ghuba ya kisiwa kilichopokea watu wa mto wake kwa mkataba, na kikalifanya jina lao kuwa tusi.