Adapta Iliyojificha Nyuma ya CPU

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo au cha Tom Mboya akitafuta kompyuta ya bei nafuu, mara nyingi huishia kununua mashine ya mezani iliyotumika ofisini ng'ambo, zile ambazo wauzaji huziita ex-UK. Ni mashine imara, na nyingi zitamfikisha hadi mahafali. Ila zilitengenezewa ofisi zenye nyaya ukutani: nyuma zina tundu la waya wa mtandao, na nyingi hazina Wi-Fi. Kwetu Migori, Awendo, Oyugis na Homa Bay, intaneti iko kwenye simu au kwenye ruta ya chumba cha pili.

Dawa yake inaenea kwenye ncha ya kidole. Adapta ya USB huchomekwa nyuma ya lile sanduku ambalo sote tunaliita CPU, kisha CPU inasukumwa chini ya meza hadi igonge ukuta. Malalamiko huanza siku hiyo hiyo. Simu iliyo juu ya meza inafungua video bila shida, lakini kompyuta iliyo chini yake inasuasua. Wa kwanza kulaumiwa ni bando, wa pili ni uzee wa mashine.

Tuiname tuiangalie adapta hiyo. Upande mmoja imebanwa na bamba la chuma, upande wa pili na ukuta, na juu yake pana rundo la nyaya. Wi-Fi ni redio. Masafa yake ya kawaida ni gigahezi 2.4, yaani mawimbi yanayotetema mara bilioni 2.4 kwa sekunde, kila wimbi likiwa na urefu wa sentimita 12.5, pungufu kidogo ya kalamu ya wino. Wimbi la namna hii hupenya mbao na kioo kwa urahisi, hupungukiwa nguvu likivuka ukuta wa matofali, na likikutana na chuma hurudi lilikotoka. Kwa hiyo CPU yenyewe inaitia adapta yake kivuli. Kibanda cha mabati hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana ukifunga mlango wa bati mtandao unaweza kudhoofika ghafla.

Nguvu inayogombaniwa hapa ni ndogo mno. Ruta ya nyumbani hutoa takriban wati 0.1. Mahali penye nafasi wazi, umbali ukiongezeka maradufu nguvu hubaki robo. Ishara inayopokewa chumba cha pili inaweza kuwa sehemu moja ya bilioni kumi ya wati, na bado adapta huisoma! Nashangazwa na hilo kila nikilifikiria. Lakini chombo kinachosikiliza sauti hafifu kiasi hicho hakitaki kelele karibu, na kelele ipo. Matundu ya USB 3, ambayo kwa kawaida yana rangi ya buluu ndani, hupitisha data kwa kasi ya biti bilioni 5 kwa sekunde, na kazi hiyo huvujisha kelele ya redio papo hapo kwenye gigahezi 2.4. Kampuni ya Intel ilichapisha vipimo vya jambo hili mwaka 2012. Ukiiweka adapta kando ya diski ya nje inayotumia tundu la buluu, ni kama kumwomba mtu asikilize mnong'ono karibu na posho mill.

Tiba ni waya wa kurefushia USB, wa mita moja hivi. Itoe adapta kule nyuma, ipandishe juu ya meza au dirishani, mbali na matundu ya buluu. Mwenye uwezo zaidi anunue kadi ya ndani yenye antena mbili, lakini nazo asiziache zikitazama ukuta. Na kabla hujanunua chochote, jaribu simu ya Android: iunge na Wi-Fi, ichomeke kwenye kompyuta kwa waya wa chaja unaopitisha data, kisha washa kipengele cha kushiriki intaneti kwa USB. Simu nyingi hugeuka adapta hapo hapo, nayo kompyuta itaweza kupakua draiva ya ile adapta mpya ambayo bila intaneti ilikuwa haitambuliki.

Wenye saiba wana jambo jingine la kuangalia. Hewa ni moja, na kompyuta kumi zenye adapta zinapokezana kusema. Kanuni ya kupokezana huko ilianzia visiwani. Mwaka 1971, Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliunganisha vituo vya visiwa vyao na kompyuta kuu kwa redio, katika mtandao ulioitwa ALOHAnet. Wawili wakituma kwa pamoja, ujumbe uligongana. Kila mmoja akasubiri muda wa kubahatisha, akarudia. Wi-Fi iliongeza adabu ya kusikiliza kwanza kabla ya kusema. Mtu wa kisiwa cha Rusinga au Mfangano anaelewa mara moja kwa nini watu wa visiwani walitangulia: nani atandaze waya majini?

Kwa hiyo kompyuta zilizo karibu na ruta zipewe waya, hewa iachiwe zile za mbali. Na mvua ikianza kunguruma, kumbuka kwamba kandokando ya Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Waya mrefu wa mtandao unaotoka nyumba moja hadi nyingine unaweza kubeba mshtuko wa radi hadi ndani ya mashine. Wi-Fi huiondoa njia hiyo, lakini waya wa umeme unabaki. Chomoa plagi.

Na kama kompyuta yako inasuasua leo, usiitupe wala usibadilishe bando kwanza. Ivute CPU kutoka ukutani uone adapta imekaa wapi.