Nchi si kampuni, wala si timu ya Ferguson: uzi kuhusu "kiongozi mkali"

1/ Kila mjadala wa siasa ukipamba moto huku mtandaoni, lazima mtu mmoja aandike: "Kenya tunahitaji dikteta mwema tu. Miaka kumi, tutanyooka." Akiulizwa ushahidi anataja Ferguson, ama tajiri fulani mwenye kampuni kubwa. Juzi nimeisikia tena kwenye matatu, nikitoka Ruiru kwenda Thika, na gari zima likaitikia. Sitataja mwanasiasa wala chama. Nataka tuipime hoja yenyewe. Uzi 👇

2/ Kwanza tuelewane maneno. Uongozi wa kiimla: mtu mmoja anaamua, wengine wanatekeleza, na ukiuliza swali umekuwa adui. Uongozi unaoweka watu mbele: kiongozi bado anaamua, ila anasikiliza kabla ya kuamua, anaeleza sababu, na anaweza kuulizwa baadaye. Shikeni hapo: huu wa pili si lazima uwe mpole. Tutarudi kwa hilo.

3/ Tuwe wakweli, uimla una faida yake. Ni wa haraka. Nyumba ikishika moto hakuna anayeitisha mkutano. Na upande ule mwingine una aibu zake. Timu yetu ya mtaa hapa Ruiru iliwahi kuwa na kocha aliyetaka kila mtu afurahi. Kikosi tulikuwa tunakipanga pamoja. Jumapili moja tukajikuta na washambuliaji sita na hakuna beki wa kushoto, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa beki wa kushoto. Tulifungwa nne. Kwa hivyo sisemi kura inatibu kila kitu.

4/ Swali hili lilishafanyiwa utafiti zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1930, kule Iowa, Marekani, Kurt Lewin na wenzake Ronald Lippitt na Ralph White walichukua vikundi vya wavulana wa miaka kama kumi, wakawapa kazi za mikono, na kuwabadilishia mitindo ya viongozi. Chini ya kiongozi wa kiimla vijana walichapa kazi sana. Alipotoka chumbani, kazi ikaporomoka. Chini ya kiongozi aliyewashirikisha, akiwepo ama asiwepo, mambo yaliendelea karibu vilevile.

5/ Kuna jambo jingine waliloliona. Katika vikundi vya kiimla wavulana walianza kuoneana wenyewe kwa wenyewe, wakitafuta mmoja wa kumlaumu. Huwezi kumrudishia kiongozi hasira yako, kwa hivyo unamshukia jirani. Ukisoma majibu ya watu chini ya habari yoyote ya siasa, utaona huo mchezo haukuishia Iowa.

6/ Sasa Ferguson. Mashabiki wa United, msiniue. Alikaa Manchester United kutoka Novemba 1986 hadi 2013, mataji 13 ya ligi. Mkali, ndio. Lakini dikteta? Alikuwa na bodi juu yake. Alikuwa na mkataba. Kila wikendi kulikuwa na matokeo ambayo hangeweza kuyaficha, na jedwali la ligi halimwogopi mtu. Kombe lake la kwanza pale, la FA, lilikuja 1990, na bodi ingeweza kumfuta kabla ya hapo. Mchezaji asiyemtaka aliweza kuhama, na alihama na mshahara wake.

7/ Hata yeye alikosea. Mwaka wa 2001 alimuuza beki Jaap Stam kwa Lazio, na baadaye akakiri mwenyewe kwamba lilikuwa kosa. Tena, tangu aondoke 2013, United haijachukua ligi. Kuna sababu nyingi, sitaki kudanganya kwamba ni moja. Ila anayemtumia kama hoja ya "tupate mtu mmoja mwenye nguvu" anapaswa pia kutuambia: huyo mtu akitoka chumbani, nini kinabaki?

8/ Nikitaka mfano wa ukali mimi siendi Uingereza, naenda Kaptagat. Kambi anayofanyia mazoezi Eliud Kipchoge chini ya kocha Patrick Sang, aliyeshinda fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji Barcelona 1992, ina nidhamu ambayo wengi wetu tungeitoroka siku ya pili. Kuamka alfajiri, maisha ya kawaida, kazi za usafi kwa zamu. Na zamu ya kusafisha choo ikifika kwa Kipchoge, Kipchoge anasafisha choo. Ni huyuhuyu aliyekimbia 1:59:40 kule Vienna mwaka wa 2019.

9/ Hapo ndipo watu huchanganya mambo mawili. UKALI ni viwango vya juu. UIMLA ni viwango vinavyowabana wote isipokuwa mmoja. Kaptagat ni kukali, na sheria inambana nyota kama inavyombana kijana aliyefika jana. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema "tunataka kiongozi mkali", muulize: mkali kwa nani? Na yeye nani atamkalia?

10/ Nilijifunza hili vibaya. Baada ya kidato cha nne, nikisubiri chuo, nilipata kibarua cha shifti ya usiku kwenye karakana moja eneo la viwanda Thika. Tulikuwa tunapakia bidhaa. Msimamizi wetu tulimwita Jenerali. Mambo yalienda chap chap, sitaki kumnyima haki yake. Lakini wiki yangu ya kwanza, mama mmoja alilalamika kuhusu mashine, akaambiwa mbele ya wote, "Wewe fundi? Kesho usirudi." Hakurudi.

11/ Miezi miwili baadaye mkanda wa mashine ukaanza kutoa sauti. Kama kitambaa kinachoraruka polepole. Niliisikia siku nne. Wote tuliisikia. Tuliangaliana tu na kuendelea kupakia. Usiku wa tano mkanda ukakatika na kumvuta mkono kijana tuliyekuwa tukisimama naye, wa kutoka Kiandutu. Alipoteza vidole viwili. Jenerali alifoka, "Kwa nini hakuna aliyeniambia?" Na nadhani alimaanisha. Kweli hakuwa anajua.

12/ Hiyo ndiyo hoja kuu ya uzi huu, kama utasoma moja tu soma hii. Tatizo la uongozi wa kiimla si kwamba kiongozi ana roho mbaya. Jenerali hakutaka mtu aumie. Tatizo ni kwamba habari mbaya haipandi ngazi. Kila mtu anabeba kipande cha ukweli mfukoni na kunyamaza, akilinda unga wake. Juu kule ripoti ni nzuri, mpaka siku mkanda unakatika. Na mimi pia nilinyamaza. Sijasahau.

13/ Kwenye biashara kubwa habari isiyopanda ngazi huruka ukuta. Watu wa Thika wanakumbuka kampeni iliyoanza 1999 kuhusu hali ya wafanyakazi wa Del Monte, kwenye mashamba ya mananasi. Shirika la Kenya Human Rights Commission na wanaharakati wa Italia, soko ambalo bidhaa hizo zilikuwa zikiuzwa, waliishikilia mpaka kukawa na makubaliano 2001. Fikiria umbali huo. Malalamiko ya mtu wa Thika yalipata nguvu zaidi yalipofika kwa mnunuzi wa Ulaya.

14/ Michezoni pia, hata nia ikiwa njema. Novemba 2021 wizara ya michezo ilivunja uongozi wa shirikisho la soka kwa tuhuma za matumizi mabaya ya pesa, na kuteua kamati ya muda. Wengi tulipiga makofi, mimi nikiwemo. Februari 2022 FIFA ikatufungia kwa sababu ya serikali kuingilia. Tulifunguliwa Novemba. Harambee Stars wakakosa mechi za kufuzu Kombe la Afrika 2023, na Starlets walikatiziwa safari yao pia. Waliolipa ni wachezaji ambao hawakugusa hata shilingi.

15/ Tuhuma zilistahili kuchunguzwa, sipingi. Swali ni njia. Njia ya mkato ilikuwa na haraka yote ya "kiongozi mkali", na ilitupotezea msimu mzima.

16/ "Sawa, lakini kampuni zinafanikiwa na hazipigi kura." Kweli. Ila kwenye kampuni kura ni za hisa: mwenye hisa nyingi ana sauti kubwa. Anayekosea anapoteza pesa zake. Na mfanyakazi asiyeridhika anaweza kuacha kazi, japo kwa shida. Mwaka wa 1970 msomi Albert Hirschman aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hili: mtu akichoka na taasisi ana njia mbili, kutoka ama kusema. Mlango ukiwa wazi, ukimya una nafuu kidogo.

17/ Nchi haina huo mlango. Mama mboga wa steji ya Ruiru hawezi kuuzwa kwa mkopo Tanzania dirisha la Januari. Hawezi kuandika barua ya kuacha kazi ya kuwa Mkenya. Kutoka hawezi, kwa hivyo kilichobaki ni kusema. Ukimnyang'anya na hiyo ili "mambo yaende haraka", umembakisha kwenye ile karakana, anasikiliza mkanda.

18/ Ukinilazimisha kufananisha nchi na biashara, nitasema ni sacco. Kwenye sacco, uwe na hisa za elfu tano ama za milioni, una kura moja. Matatu nyingi za Thika Road ziko chini ya sacco, kwa hivyo hili si somo geni kwetu. Mwenyekiti anaweza kuwa mkali kama pilipili, lakini mkutano mkuu wa mwaka unamngoja na vitabu vyake.

19/ Msinielewe vibaya, hata sacco zinaliwa. Sakata la KUSCCO, muungano wa sacco wenyewe, limetuonyesha mabilioni ya wanachama yakipotea kwenye taasisi ambayo kwa jina ni ya watu. Jina "la watu" halilindi chochote ikiwa wanachama wanakuja mkutanoni kwa sababu ya soda na nauli, wanainua mkono, wanarudi nyumbani. Kusikilizwa ni haki, lakini pia ni kazi, na wengi wetu hatuipendi hiyo kazi.

20/ Kwa hivyo mjadala ujao, kabla ya kushabikia mkali ama mpole, uliza haya manne:
– Sheria anazoweka zinambana na yeye?
– Mara ya mwisho aliyemletea habari mbaya alifanywa nini?
– Matokeo yake yanahesabiwa na nani, yeye mwenyewe ama mtu asiyemwogopa?
– Akitoka kesho, kazi inaendelea?

21/ La pili ndilo naliangalia zaidi. Usinionyeshe hotuba zake. Nionyeshe yule aliyemwambia "mkubwa, hapa tumekosea", uniambie kama bado ana kazi.

22/ Mwisho. Yule kijana wa Kiandutu tunakutana mara moja moja mjini Thika. Hanilaumu. Mwaka jana nilimwomba msamaha, akacheka, akaniuliza, "Sasa ungemwambia nani?" Sikuwa na jibu. Kama una mfano wa kocha ama mdosi mkali ambaye watu wake wanaweza kumwambia ukweli, weka hapa chini. Nakusanya.