Ustadh naye ana kodi ya nyumba

UKIPITA Mji wa Kale, Majengo au Likoni jijini Mombasa saa kumi jioni, utapishana na watoto waliovua sare za shule wakavaa kanzu na buibui, juzuu kwapani. Wametoka shule moja, wanaingia ya pili. Huko Garissa, Wajir na Mandera kazi hiyo hufanywa na duksi, ambapo mtoto huandika aya kwa wino kwenye ubao, akaihifadhi, akaufuta na kuanza nyingine.

Lakini mwalimu wao analipwa na nani? Mara nyingi ni wazazi, kwa ada ndogo ya mwezi, au mchango wa msikitini. Wazazi wakikwama, ustadh naye amekwama, na mwenye nyumba hangoji. Wengi wa maustadh hawa ni vijana.

Ndipo utasikia barazani: "Kwani kaunti inafanya nini?"

Jibu liko kwenye Katiba ya 2010. Ratiba ya Nne imezipa kaunti elimu ya chekechea. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya Serikali Kuu. Madrasa haikutajwa popote. Isitoshe, Kifungu cha 8 kinasema Kenya haina dini rasmi, kwa hivyo si rahisi kaunti kumlipa mtu kwa kusomesha Kurani peke yake.

Hata hivyo, mlango upo. Madrasa ikifungua madarasa ya PP1 na PP2, ikafuata mtaala wa kitaifa na kusajiliwa, watoto wake ni wa chekechea kama wengine. Hapo kuna msingi wa kuiomba kaunti madawati, vyoo, maji na mafunzo ya walimu. Wala si jambo geni. Mombasa ilianza miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu waliposhirikiana na Wakfu wa Aga Khan kuanzisha chekechea ndani ya madrasa. Mpango huo ukafika hadi Zanzibar na Uganda.

Ustadh pia ana njia yake. Akisomea ualimu wa chekechea na kusajiliwa na TSC, anaweza kuomba kazi ya kaunti, asubuhi afunze PP1, jioni arudi kwenye juzuu.

Sasa, vijana tunaingia wapi? Kwenye bajeti. Sheria inataka mpango wa maendeleo wa mwaka ufike bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Katiba inalilazimisha bunge hilo kushirikisha umma. Kulalamika Julai, pesa zishagawanywa, ni kupiga kelele bure.

Nenda madrasa ya mtaani kwenu na kalamu. Hesabu watoto walio chini ya miaka sita. Andika madarasa ni mangapi, choo kipo au hakipo, mwalimu ana cheti gani. Karatasi hiyo moja, ikiwa na sahihi za wazazi, ipeleke kwa MCA kabla ya Aprili.