Kipande chako ulikipata kwa siku ngapi?

Hebu toa kitambulisho chako mfukoni ukitazame. Wewe na mabeste zako mnakiita kipande, si ndiyo? "Msee, nimepoteza kipande." Neno hilo ni zito kuliko tunavyodhani.

Kipande cha kwanza Kenya hakikuwa kadi. Serikali ya mkoloni ilipitisha sheria yake mwaka 1915, ikaanza kuitekeleza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alibeba karatasi yenye alama za vidole, kabila lake, jina la mwajiri na mshahara, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni kama kengele ya mbuzi. Mzungu hakubeba. Mhindi hakubeba. Ukiacha kazi kabla ya bwana kutia sahihi, unasakwa kama mwizi. Yaani ngozi yako ndiyo iliyoamua kama utatembea mjini kwa raha zako au utasimamishwa kila kona.

Machi 1922 Harry Thuku, aliyepinga kipande, kodi na kazi ya kulazimishwa, alikamatwa Nairobi. Umati ukafurika nje ya kituo cha polisi, Muthoni Nyanjiru akiwatia hamaki wanaume waliokuwa wakisitasita. Risasi zikafyatuliwa. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine wanasema walikuwa wengi zaidi. Muthoni alikuwa miongoni mwao. Kama unasoma Chuo Kikuu cha Nairobi, barabara ya Harry Thuku unaikanyaga kila siku.

Sasa turudi kwa kadi yako. Pengine ulienda na cheti cha kuzaliwa na kipande cha mzazi, ukachukuliwa alama za vidole, ukangoja wiki kadhaa, basi. Lakini mwenzako Msomali wa Garissa au Mnubi wa Kibera, mliofanya KCSE pamoja, kwa miaka mingi alipelekwa kwanza mbele ya kamati ili apigwe msasa. Wazee, chifu, maafisa wa usalama. Babu yako alizaliwa wapi? Leta kitambulisho chake. Na huyo kijana amezaliwa hapa, wazazi wake pia! Wanubi waliletwa na Mwingereza kama wanajeshi kutoka Sudan, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na jina Kibera lenyewe linatokana na neno lao la msitu.

Unajua mwenyewe maana ya kuwa na miaka 19 bila kipande. Huna laini ya simu kwa jina lako, huna M-Pesa, mkopo wa HELB unakupita, na usiku ukikutana na polisi unapakiwa kwa gari.

Wasomali wameonja zaidi. Mwaka 1989 walipigwa msasa nchi nzima, waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi ambayo Mkenya mwingine hakuhitaji. Aprili 2014 maelfu walikusanywa Eastleigh na kwingineko, wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Halafu mtu anapanda matatu asubuhi anaulizwa, "Wariah, wewe ni Mkenya kweli?" Abiria wanacheka. Mimi mzaha huo haunichekeshi.

Kuna yaliyobadilika. Mwaka 2016 Wamakonde walitembea kutoka Kwale kuelekea Ikulu ya Nairobi kudai uraia, wakaupata. Februari 2025 Rais Ruto, akiwa Wajir, alifuta msasa wa vitambulisho kwa kaunti za mpakani. Wapo waliolalamika kwamba usalama utaharibika, wengine wakanusa siasa za kura za 2027. Hoja ya usalama si ya kupuuzwa. Ila mhalifu mwenye pesa ya chai hakuwahi kushindwa na kamati ya wazee. Aliyekwama ni kijana asiye na kitu.

Kifungu cha 12 cha Katiba kinasema kila raia ana haki ya kupewa kitambulisho. Kwa hivyo ukisikia rafiki yako bado anaambiwa alete karatasi za babu, mwambie asibishane dirishani. Aombe sababu za kukataliwa kwa maandishi, zenye jina la afisa na tarehe. Kifungu cha 47 kinampa haki hiyo. Na wewe msindikize, foleni hizo ni ndefu.