Daftari Liko kwa Nani? Hati na Shajara za Ufilipino

Kila mwenye daftari afungue ukurasa mpya, aandike juu yake tarehe ya leo. Tarehe hiyo ina kazi, nanyi mtaiona.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Leo tutazungumza juu ya mali ya namna nyingine, yaani habari za watu waliotutangulia. Mali hiyo nayo hupotea bila daftari. Tena yaweza kupotea hata daftari likiwapo, ikiwa limeshikwa na mtu mwingine. Mfano wetu ni nchi ya Ufilipino.

Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000, kusini-mashariki mwa Asia. Wahispania walianza kuitawala mwaka 1565. Mwaka 1898 Hispania ilishindwa vitani na Marekani, ikaiachia Marekani nchi hiyo kwa dola milioni 20. Wenyeji hawakuulizwa. Walipata uhuru wao tarehe 4 Julai 1946.

Mtu akitaka kujua habari za miaka hiyo yote, atasoma nini? Atasoma hati, yaani karatasi zilizoandikwa ili kutunza jambo au mapatano. Atasoma na shajara. Shajara ni daftari ambamo mtu huandika, siku kwa siku, mambo aliyoyaona na kuyatenda.

MTU ALIYEANDIKA KILA SIKU

Mwaka 1519 merikebu tano zilitoka Hispania. Mkuu wao alikuwa Mreno, Ferdinand Magellan. Huyu ndiye aliyesafiri mwaka 1505 na msafara wa Wareno ulioshambulia Kilwa na Mombasa. Pamoja naye alikuwamo Mtaliano mmoja, jina lake Antonio Pigafetta. Pigafetta aliandika kila siku. Aliandika habari za bahari, vyakula na mavazi ya watu. Walipofika Cebu mwaka 1521, aliandika hata maneno ya lugha ya wenyeji.

Tarehe 27 Aprili 1521 Magellan aliuawa katika kisiwa cha Mactan. Aliuawa na watu wa Lapulapu, mkuu aliyekataa kuwatii wageni. Pigafetta alikuwapo vitani, naye akajeruhiwa. Kwa sababu hiyo maneno yake yana uzito. Lakini tusome kwa uangalifu. Pigafetta alimpenda sana mkuu wake. Aliandika kwamba watu wa Lapulapu walizidi 1,500, na wenzake walioshuka kupigana walikuwa 49. Je, ni nani awezaye kuhesabu watu 1,500 huku mishale inamjia? Kwa upande wa Lapulapu hatuna hata mstari mmoja. Ushindi wake tunasimuliwa na mtu wa upande ulioshindwa.

Merikebu moja tu, Victoria, ilimaliza safari na kurudi Hispania Septemba 1522, ikiwa na watu 18. Njiani ilisimama katika visiwa vya Cape Verde. Shajara ya Pigafetta ilisema leo ni Jumatano. Watu wa nchi kavu walisema leo ni Alhamisi. Pigafetta alistaajabu, kwa maana hakuruka siku hata moja. Kumbe hakuna aliyekosea. Mtu akiizunguka dunia kwa kwenda magharibi, analifuata jua, na kila siku yake hurefuka kidogo. Akimaliza mzunguko, hesabu yake imepungua siku moja. Jambo hilo lilionekana wazi kwa sababu tarehe ziliandikwa kila siku.

HATI ZA ARDHI

Msidhani kwamba wenyeji hawakujua kuandika. Walikuwa na herufi zao, ziitwazo baybayin. Zilikuwa 17 tu: tatu za irabu na 14 za konsonanti. Padre Mhispania, Pedro Chirino, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1604 kwamba ni vigumu kumpata mwanamume au mwanamke asiyejua kuzisoma na kuziandika.

Basi maandishi yao yamekwenda wapi? Mengi yaliandikwa juu ya mianzi na majani, na vitu hivyo huoza. Lakini katika Chuo Kikuu cha Santo Tomas, mjini Manila, zimetunzwa hati mbili za baybayin, moja ya mwaka 1613 na nyingine ya mwaka 1625. Hazina habari za wafalme wala vita. Ni hati za kuuziana ardhi. Watu walikuwa wamekwisha kutawaliwa, lakini walipouziana ardhi waliandika kwa lugha yao na kwa herufi zao. Mwaka 2014 serikali ya Ufilipino ilizitangaza hati hizo kuwa hazina ya taifa.

KARATASI ZILIZOTEKWA

Februari 1899 vita vilianza kati ya Wafilipino na Wamarekani. Rais wa Wafilipino alikuwa Emilio Aguinaldo. Novemba mwaka ule alikimbilia milimani pamoja na watu wachache. Mmoja wao alikuwa daktari, Simeon Villa, naye aliandika shajara ya safari ile. Ndani yake tunasoma habari za njaa, mvua na njia ngumu za milimani. Taarifa za majemadari hutueleza nani alishinda. Shajara kama hii hutueleza watu walikula nini na walilala wapi. Aguinaldo alikamatwa tarehe 23 Machi 1901.

Shajara ya Villa iliingia mikononi mwa Wamarekani. Haikuwa peke yake. Jeshi la Marekani liliteka hati zaidi ya 200,000: barua, amri na hesabu za serikali ya Wafilipino. Zikapelekwa Washington. Ofisa mmoja, John Taylor, alizichambua na kutunga kitabu kikubwa. Mwaka 1906 herufi zilikuwa zimekwisha kupangwa tayari kwa kuchapwa, lakini William Howard Taft, aliyekuwa waziri wa vita, hakuruhusu kitolewe. Kitabu hicho kilichapwa Ufilipino mwaka 1971. Hati zenyewe zilikuwa zimerudishwa Manila mwaka 1958.

Hesabuni miaka wenyewe. Kwa zaidi ya miaka 50, Mfilipino aliyetaka kusoma barua zile za baba zake ilimbidi avuke bahari na kuomba ruhusa kwa waliozichukua.

HATI YA UONGO

Sasa tahadhari. Mwaka 1914 mtu aitwaye José Marco alitoa hati kwa maktaba ya Manila. Alisema zina sheria za mkuu wa kale, Kalantiaw, za mwaka 1433. Watu walifurahi, maana walitamani kuwa na jambo la kale la kujivunia. Sheria hizo zikafundishwa shuleni miaka mingi.

Ndipo mtaalamu William Henry Scott akauliza swali jepesi: kabla ya 1914, nani aliwahi kuziona hati hizi? Akatafuta, asipate shahidi hata mmoja. Mwaka 1968 alionyesha kwamba ni za uongo. Wafilipino hawakupungukiwa na kitu kwa kuujua ukweli. Hati zile mbili za ardhi ni za kweli, na zatosha kuonyesha kwamba babu zao walijua kalamu.

Basi, ndugu mwanafunzi, kila upewapo karatasi, iwe ya zamani au ya leo, iulize mambo manne. Nani aliandika? Aliandika lini? Alikuwapo mwenyewe, au alisikia tu? Na karatasi imepitia mikono ya nani? Uliza hivyo hata kwa hati ya shamba lako, kabla hujatia sahihi.

Kazi ya nyumbani: kwa siku saba andika mistari mitatu kila jioni. Anza na tarehe, kisha mahali, kisha jambo uliloliona mwenyewe. Usiruke siku. Kwaherini mpaka somo lijalo.

MASWALI

1. Kwa nini shajara ya Pigafetta ilisema Jumatano?
2. Kwa nini maandishi mengi ya baybayin hayakubaki?
3. Hati zilizotekwa zilirudishwa Manila mwaka gani?
4. Scott aliuliza swali gani juu ya hati za Kalantiaw?
5. Katika kijiji au mtaa wenu, ni nani anayetunza hati za zamani, nazo zinahusu nini?