Ufundishaji wa Mbinu Mchanganyiko za Uchoraji kwa Wanafunzi wa Shule za Msingi

Mbinu mchanganyiko ya uchoraji ni ile inayounganisha malighafi mbili au zaidi katika picha moja, kwa mfano nta na rangi ya maji, mkaa na gundi, au vipande vya karatasi vilivyobandikwa na kupakwa rangi. Katika shule za msingi nchini Tanzania, ambako uchoraji umewekwa ndani ya somo la Sanaa na Michezo, mbinu hii huweza kuonekana kuwa anasa inayotegemea vifaa vya dukani. Makala haya yanafafanua kwamba ugumu wake haumo hasa katika vifaa, bali katika mpangilio wa hatua na katika uelewa wa mwalimu kuhusu sababu ya kila hatua.

Mfano ulio rahisi kuliko yote ni wa nta na rangi ya maji. Mwanafunzi huchora kwa kipande cha mshumaa mweupe juu ya karatasi nyeupe ya manila, kisha hupitisha brashi yenye rangi iliyozimuliwa. Kwa kuwa nta haipokei maji, rangi hutulia pale tu palipobaki karatasi tupu, na mchoro ambao haukuonekana hujitokeza. Mpangilio huo ukigeuzwa, rangi ikatangulia na nta ikafuata, hubaki alama hafifu zisizo na maana yoyote. Aidha, rangi ikiwa nzito mno huifunika nta, na mshumaa usipokandamizwa vya kutosha maji hupenya kati ya mistari. Karatasi ya daftari nayo hulegea na kuchanika. Mambo haya hayafundishiki vyema kwa maelezo ya ubaoni. Kila mtoto apewe kwanza kipande kidogo cha karatasi cha kukosea.

Suala la umri lina uzito wake hapa. Viktor Lowenfeld, katika kitabu chake cha mwaka 1947 kuhusu ukuaji wa ubunifu na akili, alionesha kwamba mtoto wa miaka 7 hadi 9 huchora kwa alama alizokwisha kujizoesha: mtu ni yuleyule, mti ni uleule. Kuanzia miaka 9 hivi huanza kulinganisha picha yake na kitu halisi, na wengi huvunjika moyo. Ni katika kipindi hiki ambapo maneno “mimi sijui kuchora” husikika darasani. Mbinu mchanganyiko humsaidia mtoto huyo kwa sababu uzuri wa picha hautegemei tena usahihi wa mstari peke yake; umbile la karatasi, mtiririko wa rangi na alama za nta navyo vina sehemu yao. Hata hivyo, msaada huo hutoweka mara mwalimu anapochora kiolezo ubaoni na kuwataka wanafunzi wote wakinakili.

Kuhusu malighafi, mazingira hutoa mengi. Mkaa uliosagwa hutoa rangi nyeusi, udongo mwekundu hutoa hudhurungi, na manjano ya jikoni hutoa rangi ya njano ambayo hugeuka kuwa nyekundu iliyofifia inapochanganywa na maji ya magadi. Mabadiliko hayo huwafurahisha watoto kuliko rangi yoyote ya kopo. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba unga wa udongo au mkaa uliochanganywa na maji matupu hupukutika ukikauka. Sharti uwekewe kishikizo kama vile gundi au uji mwepesi wa wanga. Manjano nayo hupauka yakikaa juani, hivyo picha zisibandikwe dirishani.

Mchoro wa Tingatinga, ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, ni rejea nzuri kwa wanafunzi, ingawa rangi zake za mng'aro hazifai darasani kwa sababu ya harufu yake na kwa kuwa hazisafishiki kwa maji. Kinachofaa kuigwa ni utaratibu: usuli hupakwa kwanza na kuachwa ukauke, ndipo mnyama na madoa yake yafuate.

Kukauka huko ndiko kunakokipa taabu kipindi cha dakika 40. Njia inayotekelezeka ni kugawa kazi katika vipindi viwili, cha kwanza cha nta na usuli, cha pili cha kuongeza mkaa au vipande vya karatasi. Katika darasa kubwa, brashi chache huzungushwa kwa makundi wakati wengine wakiendelea na nta. Wakati wa upimaji, kipande cha majaribio kiwekwe pamoja na picha iliyokamilika, na mwanafunzi aulizwe ni kipi alianza kukiweka na kwa nini. Jibu lake huonesha kama mbinu imeeleweka, hata pale ambapo picha yenyewe imechafuka.