Wazo Jipya la Biashara ya Mtandao: Lipimwe na Lilindwe Kabla ya Fedha za Chama Kutumika



Katika mikutano ya vyama vya msingi siku hizi husikika pendekezo la namna moja: chama kifungue duka lake katika intaneti, ili mazao yamfikie mnunuzi wa mjini bila kupitia mikononi mwa walanguzi. Pendekezo hilo ni jema, na aghalabu huletwa na vijana wetu wenye ujuzi. Lakini baada ya makofi huja ankara ya mtengenezaji wa programu, nayo hudai mamilioni ya shilingi kabla hata mfuko mmoja haujauzwa. Makala haya yanaeleza mambo mawili ambayo chama hakina budi kuyatimiza kabla ya kulipa ankara hiyo: kulipima wazo lenyewe kwa gharama ndogo, na kukilinda kile ambacho sheria na busara huruhusu kilindwe.

Mfanyabiashara binafsi akikosea hupoteza mali yake. Chama kikikosea hupoteza hisa na makato ya wakulima wengi, ambao baadhi yao hawakuwapo mkutanoni siku uamuzi ulipopitishwa. Ndiyo sababu uangalifu wetu unapaswa kuwa mkubwa kuliko wake.

MAFUNZO YA WENZETU

Huko California, nchini Marekani, kampuni ya Webvan ilianzishwa mwaka 1996 kwa kusudi la kuuza vyakula kwa intaneti na kuvifikisha majumbani. Mwaka 1999, ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza kuuza, ilitia saini mkataba wa kujengewa maghala makubwa ya mitambo kwa thamani ya dola zipatazo bilioni 1. Wateja walikuwapo, lakini hawakuwa wengi kiasi cha kuyalipia maghala hayo. Ilipofika Julai 2001 kampuni ilifungwa. Sisi tuliokwisha kuona bohari zikijengwa na kubaki tupu hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Mwaka huohuo wa 1999, katika jimbo hilohilo, Nick Swinmurn alitaka kujua kama watu watakubali kununua viatu bila ya kuvijaribu miguuni. Hakununua shehena wala hakupanga ghala. Alikwenda katika duka la viatu, akavipiga picha, akaziweka picha hizo katika intaneti. Mtu alipoagiza, yeye alirudi dukani, akanunua kiatu hicho kwa bei ya kawaida na kumpelekea. Biashara ya namna hiyo haikumpa faida, lakini ilimpa jibu. Kampuni iliyotokana na jaribio hilo, Zappos, ilinunuliwa na Amazon mwaka 2009.

Mfano wa tatu ni wa jirani zetu. Oktoba 2005, nchini Kenya, kampuni za Safaricom na Vodafone zilianza kuijaribu huduma ya M-Pesa katika Nairobi na Thika, kwa wateja wasiofika 500. Kusudi la awali lilikuwa kuwawezesha wakopaji wadogo kupokea na kulipa mikopo yao kwa simu. Walipoyachunguza matumizi, wasimamizi waliona kwamba wateja walikuwa wakifanya mambo ambayo hayakukusudiwa: walitumiana fedha wao kwa wao, na wengine waliweka fedha kabla ya safari ili wazichukue wafikapo. Huduma ilipotangazwa rasmi Machi 2007, ilitangazwa kwa ajili ya kutuma fedha nyumbani. Laiti ingalijengwa yote kwa ajili ya mikopo peke yake, hitaji kubwa la watu lingalipita bila kuonekana.

Mifano hii mitatu inafundisha jambo moja. Mwenye wazo hukisia tu. Anayejua ni mnunuzi, naye hasemi kwa maneno bali kwa kutoa fedha.

NAMNA YA KUPIMA

Jaribio la chama halihitaji programu. Lahitaji simu moja ya chama, daftari, karani mwaminifu na shehena ndogo. Utaratibu unaofaa ni huu:

(a) Swali la jaribio liandikwe kwa sentensi moja. Kwa mfano: "Je, wakazi wa mjini watanunua mchele wetu kwa simu kwa bei itakayomzidishia mkulima?" Swali likiwa pana mno, jibu lake halitamsaidia mtu.

(b) Wanunuzi wasiulizwe kama wanapenda wazo. Waulizwe kama wataagiza, na watoe malipo au sehemu yake. Mtu kwa adabu husema "wazo zuri", na neno hilo halina thamani katika hesabu.

(c) Muda na fedha za jaribio viwekewe kikomo na kuidhinishwa na bodi mapema. Siku 30 hadi 60 zinatosha kwa mazao mengi.

(d) Kila agizo, kila kucheleweshwa na kila lalamiko viandikwe siku ileile vilipotokea.

(e) Kabla ya kuanza, bodi iandike ni matokeo gani yatakayofanya chama kiache wazo hilo. Kigezo kikiwekwa baada ya matokeo, watu watakipindisha kwa kuwa wamekwisha lipenda wazo.

HESABU YA MFANO

Tuchukue chama cha wakulima wa mpunga kinachotaka kuuza mchele mjini katika mifuko ya kilo 25. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Kila chama kitaweka zake.

Malipo ya mkulima kwa mfuko: sh. 50,000
Mfuko na kufunga: sh. 1,500
Usafiri hadi mjini: sh. 3,000
Kumfikishia mteja nyumbani: sh. 4,000
Ada ya kupokea fedha kwa simu: sh. 500
Jumla ya gharama: sh. 59,000
Bei ya kuuzia: sh. 62,000
Baki: sh. 3,000

Ikiwa programu inagharimu sh. 9,000,000, yatakiwa mifuko 3,000 kuuzwa ili fedha hizo zirudi. Ikiwa katika jaribio iliuzwa mifuko 40 kwa mwezi, itachukua miezi 75, yaani zaidi ya miaka 6. Na hapo hatujahesabu ada za kila mwaka za kuiweka programu katika intaneti. Tena, mteja asipokutwa nyumbani na mzigo ukapelekwa mara ya pili, zitatoka sh. 4,000 nyingine, na baki ya sh. 3,000 itageuka hasara ya sh. 1,000.

Je, wazo hilo litupwe? La. Huenda daftari la jaribio likaonyesha kwamba wateja wengi wako tayari kuchukua mifuko yao katika kituo kimoja sokoni. Gharama ya kufikisha ikishuka hadi sh. 1,500, baki itapanda hadi sh. 5,500, na mifuko inayotakiwa itakuwa 1,637. Kwa chama kimoja kinachouza mifuko 40, hiyo bado ni zaidi ya miaka 3. Lakini vyama vitano vya jirani, kila kimoja kikiuza mifuko 40, vikitumia programu moja kwa pamoja, vitazirudisha fedha hizo katika muda unaopita miezi 8 kidogo tu. Hayo ndiyo manufaa ya kupima: ubao wa mkutano ungeandika "duka la chama", hali daftari limeandika "duka la vyama vitano".

JE, WAZO LAWEZA KULINDWA?

Hapa makatibu wengi huuliza: tukilijaribu wazo hadharani, je, halitaibiwa? Swali hilo lina haki yake, nalo linahitaji jibu la wazi. Wazo tupu halina ulinzi wa kisheria. Hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoandikwa au kutengenezwa. Mkataba wa Shirika la Biashara la Dunia wa mwaka 1994 kuhusu haki za ubunifu unasema hivyo kwa maneno ya wazi. Sheria ya hataza ya Tanzania ya mwaka 1987 nayo haizihesabu njia za kufanya biashara kuwa uvumbuzi wa kupewa hataza. Kwa hiyo, hakuna ofisi itakayokiandikia chama kwamba kuuza mchele kwa simu ni mali yake peke yake.

Hata hivyo, yapo mambo yanayolindika, nayo ndiyo yenye thamani.

Kwanza ni jina na alama. Kwa Tanzania Bara, alama za biashara husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Yafaa ieleweke kwamba kusajili jina la biashara si sawa na kusajili alama ya biashara. La kwanza halizuii mtu mwingine kuitumia alama yenu kwenye mifuko yake. Ieleweke pia kwamba usajili wa Bara haufiki Zanzibar, ambako iko daftari nyingine. Anuani ya tovuti isajiliwe kwa jina la chama, wala si kwa jina la kijana aliyeitengeneza wala la katibu mwenyewe, hata akiwa mwaminifu namna gani. Watu huhama na watu hufa, lakini chama hubaki.

Pili ni programu. Programu ya kompyuta hulindwa kwa hakimiliki kama kazi ya maandishi. Swali ni nani mwenye haki hiyo: chama kilicholipa au fundi aliyeitengeneza? Msitegemee desturi. Mkataba useme bayana kwamba haki zote ni za chama, kwamba maandishi yote ya programu pamoja na nywila zake yatakabidhiwa, na kwamba malipo ya mwisho hayatatolewa kabla ya makabidhiano. Chama kisichokuwa na nywila za duka lake ni mpangaji katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Tatu ni orodha ya wanunuzi na namna ya kupanga bei. Hivi hulindwa kwa kutunzwa. Wachache wanaovishika watie saini ahadi ya kutunza siri, na daftari lifungiwe kabatini kama fedha. Kadhalika majina na namba za simu za wateja si mali ya kuchezewa: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume husika na azitumie kwa kusudi alilowaambia.

HAKI YA MWENYE WAZO

Liko jambo ambalo vyama hulisahau. Mara nyingi wazo huanzia kwa mtu mmoja. Mwezi Novemba 2000, huko Afrika Kusini, mhasibu mwanafunzi wa kampuni ya Vodacom, Nkosana Makate, aliwaandikia wakubwa wake wazo la huduma itakayomwezesha mtu asiye na salio kumwomba mwingine ampigie simu. Aliahidiwa malipo kwa mdomo. Huduma ilianza mwaka 2001 na kuenea sana, lakini ahadi haikutimizwa. Makate alikwenda mahakamani, na ilikuwa tarehe 26 Aprili 2016 ndipo Mahakama ya Katiba ilipoamua kwamba kampuni ilifungwa na ahadi ile. Ubishi juu ya kiasi cha malipo ukaendelea miaka mingine mingi. Lililomwokoa halikuwa siri. Uliokuwapo ni ushahidi: wazo lilikuwa katika maandishi, na jarida la ndani la kampuni lilikuwa limemshukuru kwa jina.

Nasi tujifunze kwa pande zote mbili. Mwanachama au mtumishi aletapo wazo, liandikwe katika kumbukumbu za kikao pamoja na jina lake na tarehe, na makubaliano juu ya atakachopata yaandikwe kabla ya kazi kuanza. Maandishi hayo yatakilinda chama dhidi ya madai ya baadaye, na yatamlinda mwanachama asidhulumiwe na chama chake mwenyewe. Kijana akiona wenzake wamenyimwa haki, wazo lake lijalo hatalileta kwetu.

UWAZI NA SIRI

Huenda mtu akasema kwamba chama cha ushirika hakina siri kwa wanachama wake. Ni kweli kwamba mkutano mkuu una haki ya kujua kusudi la mradi, gharama zake, matokeo ya jaribio na hatari zilizopo. Wala fedha haziwezi kutumika nje ya makisio uliyoyapitisha, wala mkopo kuzidi ukomo wa madeni ulioidhinishwa. Lakini mkutano hauhitaji kusomewa namba za simu za wanunuzi wala nywila za duka. Katibu mwenye busara atatenganisha taarifa ya mradi na nyenzo za mradi: ya kwanza ataisoma kwa sauti, ya pili ataikabidhi kwa maandishi kwa wanaohusika tu.

Ndugu Makatibu, kabla ya kutia saini mkataba wowote wa kutengenezewa duka la mtandao, leteni kwanza daftari la jaribio katika ofisi ya Chama Kikuu, ili tulitazame pamoja na kuona kama viko vyama jirani vyenye nia hiyohiyo. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Zama za intaneti hazijaifuta methali hiyo.